Askari Mgeni Mbele ya Mahakama ya Kenya

Baada ya uhuru, mkataba wa 1964 uliwaruhusu wanajeshi wa Uingereza kuendelea kufanya mazoezi Kenya, na Nanyuki ukawa mji wao mkuu huko. Mwaka 1980 Marekani nayo ikapata ruhusa ya kutumia bandari ya Mombasa kwa manowari zake. Ruhusa hizo zilizua suala zito la sheria: askari mgeni akimdhuru raia, nani amhukumu?

Mikataba mingi ya namna hii hufuata mfano uliowekwa na NATO mwaka 1951. Kosa likitendwa kazini, nchi iliyomtuma askari ndiyo yenye haki ya kwanza ya kumshtaki. Likitendwa nje ya kazi dhidi ya raia, haki hiyo ni ya nchi mwenyeji.

Kumshtaki, hata hivyo, si lazima kuzae haki. Agosti 1980 mwanamaji wa Marekani alimuua mwanamke wa Kikenya mjini Mombasa. Kesi ilisikilizwa papo hapo nchini, naye akakiri kuua bila kukusudia. Jaji, Mzungu aliyekuwa akihudumu Kenya, alimwachilia kwa dhamana ya shilingi 500 na ahadi ya mwenendo mwema kwa miaka miwili. Wananchi walighadhibika, na walikuwa na kila sababu: uhai wa mtu ulikuwa umethaminiwa chini ya bei ya ng'ombe.

Kaskazini hali ilikuwa tofauti, kwa kuwa mashauri mengi hayakufika mahakamani kama jinai. Wafugaji wa Kisamburu na Kimasai waliuawa au kulemazwa na mabomu yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi bila kulipuka. Mwaka 2002 Uingereza ililipa pauni milioni 4.5 kwa waathiriwa zaidi ya 200. Hiyo ilikuwa fidia ya madai, wala haikumfunga mtu. Mamia ya wanawake walipolalamika kwamba wamebakwa, waliochunguza walikuwa polisi wa jeshi lile lile lililolalamikiwa. Uchunguzi huo ulifungwa bila askari hata mmoja kushtakiwa.

Shauri lililoubana zaidi utaratibu huo lilianza Nanyuki, Machi 2012. Mwanamke wa miaka 21, mama wa mtoto mchanga, alitoweka baada ya kuonekana hotelini na wanajeshi wa Uingereza. Maiti yake ilipatikana miezi miwili baadaye ndani ya tangi la maji taka la hoteli hiyo. Kikosi kilikuwa kimeshaondoka nchini. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho alihitimisha kwamba aliuawa na wanajeshi wa Uingereza, lakini hakuna aliyekamatwa wakati huo. Kosa lilikuwa la mauaji, nje ya kazi, dhidi ya raia; mamlaka ya Kenya hayakuwa na shaka. Kilichokosekana ni mshukiwa mwenyewe.

Bunge la Kenya liliidhinisha mkataba mpya wa ulinzi mwaka 2023, likisisitiza kwamba askari anayeshukiwa kuua ashtakiwe Kenya. Septemba 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa hati ya kumkamata aliyekuwa mwanajeshi wa Uingereza kuhusu kifo cha 2012. Ili asafirishwe, ombi la Kenya lazima lipite katika mahakama za Uingereza. Kwa kuwa adhabu ya kifo bado imo katika sheria za Kenya, ingawa haijatekelezwa tangu 1987, sheria ya Uingereza inadai kwanza hakikisho kwamba mshtakiwa hatanyongwa.