Simba Achomozaye Mashariki: Habari za Buruji Moja katika Unajimu wa Bara Hindi

Katika nyumba nyingi za Wahindu huko Bara Hindi, mtoto akiisha kuzaliwa, wazazi huandika saa ya kuzaliwa kwake kwa uangalifu, kisha huipeleka kwa mnajimu. Mnajimu hatosheki na kuambiwa siku na mwezi. Hutaka kujua hata dakika, maana hutafuta buruji iliyokuwa ikichomoza upande wa mashariki wakati mtoto alipotoka tumboni mwa mamaye. Buruji hiyo huitwa lagna, neno la Kisanskriti lenye maana ya kitu kilichoshikamana na kingine. Yaani pale ndipo mbingu ishikamanapo na nchi. Buruji zote kumi na mbili hupita mahali hapo katika mchana mmoja na usiku wake, basi kila moja hukaa kadiri ya saa mbili. Zamani wakati ulipimwa kwa bakuli la shaba lenye tundu dogo, lililoelea juu ya maji hata likajaa na kuzama. Kuzama mara moja kulikuwa ghati moja, nayo ni dakika 24. Na ghati 60 zilitimiza siku nzima.

Twataka kueleza habari za buruji moja tu, yaani Simba, ambayo Wahindi huiita Simha, na wasomao falaki katika pwani yetu huiita Asadi. Tumeichagua kwa sababu katika habari zake twaona wazi jinsi maneno yasafirivyo toka taifa hata taifa, na jinsi hukumu ya maisha ya mtu iwezavyo kutoka katika majira ya nchi asiyopata kuiona.

Kwanza tuseme yanayonenwa. Mtu aliyezaliwa Simha ikichomoza, bwana wake ni Jua, na Jua ni mfalme wa nyota ziendazo. Kwa hiyo husemwa kwamba mtu huyo atapenda heshima na uongozi, atakuwa mkarimu, hatavumilia kuamriwa, na mambo ya baba yake yatakuwa na uzito mkubwa katika maisha yake. Varahamihira, mnajimu mashuhuri wa karne ya 6, alieleza katika kitabu chake kiitwacho Brihat Jataka hali ya mtu ambaye Mwezi ulikuwa katika Simha alipozaliwa. Amtaja kuwa na uso mpana na macho ya rangi ya hudhurungi, mwepesi wa hasira, apendaye nyama na misitu na milima, mwenye kutoa, mwenye kiburi, tena ampendaye mamaye. Msomaji akitazama vizuri ataona kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo ni sifa za mnyama. Uso ni wa simba, macho ni ya simba, na nyama na msitu ni chakula chake na makao yake. Jina lilitangulia, na tabia ikafuata jina.

Kisha mnajimu huhesabu nyumba kumi na mbili za maisha, kuanzia buruji ile iliyochomoza. Kwa mwenye Simha, nyumba ya nne na ya tisa ni za Mirihi, na kwa hiyo Mirihi huhesabiwa kuwa rafiki yake mkubwa. Lakini nyumba ya saba, ambayo ni nyumba ya ndoa, yaangukia buruji ya Kumbha, nayo ni milki ya Zohali. Zohali ni nyota ya baridi, iendayo polepole, na katika hadithi za Wahindu ni mwana wa Jua asiyepatana na baba yake. Basi mwenye Simha huambiwa kwamba mlango wa ndoa yake u mikononi mwa adui wa bwana wake, na kwamba yamkini ndoa itachelewa au itakuwa na uzito. Neno hili si la mchezo. Jamaa wengi hulinganisha hati za kuzaliwa za mwanamume na mwanamke kabla ya kuposa, na posa huweza kukataliwa kwa sababu ya hati.

Sasa tuulize, Simba huyu alitoka wapi? Wengi hudhani kwamba ametoka katika Veda zenyewe, maana elimu hii siku hizi huitwa elimu ya Veda. Lakini katika vitabu vile vya kale hayumo. Nyota zake zimo, ila kwa majina mengine. Katika Rigveda, utenzi wa arusi ya binti wa Jua wataja makundi mawili ya nyota, ambayo baadaye yaliitwa Magha na Phalguni, kuwa ni wakati wa kuchinja ng'ombe na wa kumpeleka bibi arusi. Magha ilikuwa nyota ya wazee waliokufa. Watu wa zamani zile waligawanya njia ya Mwezi katika vituo 27 au 28, na kitabu cha Vedanga Jyotisha kiliwafundisha kuhesabu nyakati za sadaka kwa vituo hivyo. Hakina buruji kumi na mbili, wala hakitabiri maisha ya mtoto.

Buruji kumi na mbili zilipangwa Babeli, kadiri ya karne ya 5 kabla ya Kristo, na Simba alikuwa mmoja wao. Wayunani wakazipokea, na katika nchi ya Misri wakaifanya buruji ichomozayo kuwa msingi wa utabiri wote. Katika karne za kwanza baada ya Kristo elimu hiyo ikafika Bara Hindi, wakati ule ule ambapo merikebu zilikuwa zikienda na kurudi kwa pepo za musimu baina ya bandari za Misri na pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Ushahidi umo katika maneno. Varahamihira, pamoja na jina Simha, ataja jina leya, nalo ni leon la Kiyunani lililovikwa nguo ya Kisanskriti. Hora, yaani saa, ni neno la Kiyunani. Na kendra, yaani nyumba za nguzo, ni kentron. Kiko na kitabu kizima kiitwacho Yavanajataka, maana yake unajimu wa kuzaliwa wa Wayunani. David Pingree alikipiga chapa mwaka 1978 akasema kiliandikwa mwaka 269 au 270, na Bill Mak mwaka 2013 akaonyesha kwamba tarehe hiyo haina nguvu. Lakini jina la kitabu lenyewe halikufichwa. Wala Varahamihira hakuona haya. Alisema kwamba Wayunani ni watu wa nje, lakini kwa kuwa elimu hii imethibitika kwao, huheshimiwa kama wahenga watakatifu. Sisi husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahindi walimpa Simba jembe: wakamweka pamoja na Magha na Phalguni za kale, akalima shamba lao hata akasahauliwa kuwa mgeni.

Lakini mgeni alikuja na mzigo wake. Ptolemy wa Aleksandria, katika karne ya 2, alieleza kwa nini Jua lilipewa Simba. Alisema kwamba wakati Jua lipitapo katika Kaa na Simba ndipo joto lizidipo, basi buruji hizo mbili zapewa mianga miwili mikubwa, Mwezi na Jua. Na Zohali, kwa kuwa ni ya baridi na iko mbali, ilipewa buruji mbili zinazoelekeana na hizo, yaani zile za wakati wa baridi. Hapa ndipo penye shina la neno. Zohali kuitawala nyumba ya ndoa ya kila mwenye Simha si jambo lililopatikana kwa kuchungua ndoa za watu. Ni majira ya nchi za Bahari ya Kati, joto likielekea baridi.

Na nchini Bara Hindi majira si hayo. Joto kali la kaskazini ni la mwezi wa Mei na Juni. Julai na Agosti ni miezi ya mvua. Huko Kerala mwezi wa kwanza wa mwaka, unaoanza katikati ya Agosti, huitwa Chingam, jina litokalo katika Simha, na ndani yake huangukia mara nyingi sikukuu ya mavuno ya Onam. Na katika pwani yetu Julai na Agosti ni kipupwe, watu hujifunika usiku. Simba wa Ptolemy angalizaliwa kwetu, yamkini angalipewa Zohali.

Tena Wahindi huhesabu buruji kwa nyota zenyewe, na wanajimu wa Ulaya huhesabu kwa majira. Hesabu hizo mbili siku hizi zimeachana kadiri ya digrii 24. Mtu aambiwaye Ulaya kwamba Simba alikuwa akichomoza, huko Bara Hindi mara nyingi huambiwa kwamba ni Kaa, na bwana wake si Jua bali ni Mwezi.

Mwaka 2008 Jayant Narlikar, mtaalamu wa nyota wa Pune, na wenziwe waliwajaribu wanajimu 27 kwa hati za kuzaliwa za watoto hodari wa shule na za watoto wenye upungufu wa akili. Kila mnajimu alipewa hati 40 azitenge. Walipata kweli kadiri ya 46 katika mia, na mwenye kurusha sarafu angalipata 50.

Hatuandiki haya ili kuwacheka watu wanaowapenda watoto wao na kutaka kujua ya mbele. Twaandika kwa ajili ya binti yule ambaye posa yake yarudishwa. Ni haki yake kujua kwamba neno linalomzuia si la nyota wala la wahenga wake, bali ni habari ya joto na baridi ya nchi ya mbali.