Mpini wa Babu

Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, babu yangu alivuka Ruvuma kukimbilia Mtwara, kisu kiunoni. Bapa limeshabadilishwa, mpini ni ule ule, wa mpingo.

Vitabu tunavyosoma huutaja mti huu kwa vinyago vya Wamakonde na klarineti za Ulaya, yaani kwa kilichouzwa. Wareno waliuita pau-preto, na tangu 2017 magogo yake hayavuki mpaka bila kibali cha mkataba wa CITES. Hayo yote yana nyaraka. Mpini hauna. Lakini aliyeuchonga alijua kuondoa sehemu ya nje iliyo nyeupe na kubakiza kiini cheusi, kizito hata huzama majini. Ujuzi huo, kwangu, ni historia.

Mpini wenyewe umelika upande mmoja, pale kilipokaa kidole gumba chake.