Nani Mwenye Ufunguo wa Redio ya Angani?

Tarehe 15 Aprili 2023 jirani zetu wa Kenya walirusha setilaiti yao ya Taifa-1 kutoka California. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2019, na Uganda mwaka 2022. Setilaiti hizo zilitengenezwa kwa ushirikiano na wataalamu wa nje, Wajapani kwa Rwanda na Uganda, na kampuni ya Bulgaria kwa Kenya. Hapana aibu katika hilo. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine. Chombo kikishafika juu, ambako hakuna fundi awezaye kukifikia, ni nani mwenye uwezo wa kuibadili redio iliyomo ndani yake?

Swali hilo liliwahi kuwatoa jasho mataifa makubwa. Mwezi Oktoba 1997 Marekani, Shirika la Anga la Ulaya na Italia zilituma chombo cha Cassini kwenye sayari ya Zohali. Cassini kilibeba chombo kidogo cha Ulaya, Huygens, ambacho kingeteremka juu ya Titan, mwezi mkubwa wa sayari hiyo, na kupeleka habari zake duniani kwa kupitia Cassini. Mwaka 2000, safari ikiendelea, mhandisi Boris Smeds aliijaribu njia hiyo kwa kutuma kutoka duniani mawimbi yaliyoiga yale ya Huygens. Habari zilirudi zimevurugika.

Sababu yake ilikuwa hii. Chombo kimoja kinapokikaribia kingine kwa kasi, mawimbi hubanwa, kama vile mlio wa gari moshi unavyokuwa mkali linapokuja na kufifia ukali linapopita. Waundaji walilizingatia jambo hilo katika masafa ya mawimbi, lakini walilisahau katika mwendo wa tarakimu zilizobebwa na mawimbi hayo. Kosa lenyewe lingerekebishwa kwa kubadili namba chache tu. Lakini programu ya kipokezi ilikuwa imefungwa, na hapakuwa na amri ya kuigusa kutoka duniani. Basi, redio iliposhindikana kubadilishwa, ikabidi ibadilishwe njia ya chombo kizima! Cassini, kilichokuwa kipite kilomita 1,200 tu kutoka Titan, kilipangiwa kupita umbali wa kilomita 60,000, ili kasi ya kukaribiana kwa vyombo hivyo ipungue. Huygens kilitua salama tarehe 14 Januari 2005.

Wakati huo dawa ilikwisha kujulikana. Mwaka 1992 Mmarekani Joseph Mitola alikuwa ameeleza juu ya redio ambayo kazi zake nyingi hufanywa na programu badala ya vipuri visivyobadilika. Redio ya namna hiyo huweza kufundishwa lugha mpya ikiwa ingali angani. Hata hivyo, dawa ilileta maradhi yake. Kila kiwanda kiliandika programu kwa desturi yake, na mnunuzi alijikuta ana redio inayobadilika, lakini inayobadilishwa na muuzaji peke yake.

Jeshi la Marekani lilikwisha jitungia kanuni za redio zake, ila zilikuwa nzito mno kwa kompyuta ndogo za vyombo vya anga, ambako umeme hupimwa kama dawa. Kwa hiyo Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilitunga kanuni nyepesi zaidi, STRS. Zinaagiza kwamba programu ya mawasiliano itenganishwe na mtambo, vielewane kwa amri zinazojulikana, na mtengenezaji akabidhi maelezo yatakayomwezesha mtu mwingine kuandika programu mpya. Mwaka 2012 redio tatu za watengenezaji mbalimbali zilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, na majaribio yakaendelea hadi 2019. Kanuni hizo zilifanywa kiwango rasmi cha NASA mwaka 2014.

Kazi haijakamilika. Sehemu za programu zinazofungamana na vipande maalumu vya elektroniki bado huhitaji kutengenezwa upya zinapohamishwa. Tena, kiwango cha NASA hakimlazimishi muuzaji wa Ulaya au Asia.

Lakini kimechapishwa hadharani, nasi tunaweza kukisoma bila kuomba ruhusa ya mtu. Jirani zetu, na Tanzania itakapofikia hatua hiyo, wanaweza kuyaandika masharti yake ndani ya mikataba yao, hasa lile la kukabidhiwa maelezo, na kuyadai kabla ya malipo ya mwisho, roketi ikiwa bado iko chini.