Historia Fupi ya Feni Inayopiga Kelele

Saa saba za usiku nilisikia kitu kama kokoto kwenye sufuria. Nilikuwa nimeiacha kompyuta ikimalizia video ya harusi, na mteja alitaka kazi yake Ijumaa saa nne asubuhi, hakuna stori. Nilipofungua kasha, feni moja ya kadi ya grafiki ilikuwa inatetemeka papo hapo bila kuzunguka, na ya pili inasuasua kama matatu iliyoishiwa mafuta. Programu ya kupima joto ilionyesha nyuzi 93. Kisha skrini ikawa nyeusi.

Kadi ile niliinunua mtumba kwa akiba ya miezi mitano, na sikuwa na miezi mingine mitano. Asubuhi nilimpigia mteja nikaomba hadi jioni, nikaifunga kadi kwa fulana, nikashuka tao hadi kwa fundi mmoja juu ya ngazi pale Luthuli Avenue. Mzee aliigeuza mara mbili, akajaribu kuzungusha feni kwa kidole.

"Kadi ni nzima, kijana. Kilichokufa ni feni."

"Basi niwekee feni mpya, fundi."

"Ya modeli hii hupati. Lakini kwani lazima iwe ya modeli hii?"

Akavuta droo, akatoa feni mbili za kasha, zile pana za sentimita 12, na kamba za plastiki za kufungia nyaya. Nilidhani ananicheza. Sikujua kwamba ufundi ule una historia yake, na kwamba watu wa Ulaya, Asia na Marekani wamegombana na feni za kiwandani kwa zaidi ya miaka 20.

Hapo mwanzo kadi hazikuwa na feni. Voodoo Graphics ya kampuni ya 3dfx, iliyowafungulia wengi mlango wa gemu za 3D mwaka 1996, ilikuja na chipu zilizokaa wazi, bila kipande cha chuma juu. Hewa ya kawaida ndani ya kasha ilitosha. Miaka mitatu tu baadaye, Nvidia ilipotoa GeForce 256 mwezi Oktoba 1999, chipu ilikuwa tayari imevaa kofia ya chuma yenye mapezi, na juu yake kifeni kidogo.

Kifeni hicho ndicho chanzo cha ugomvi. Feni ndogo ina mabawa madogo, kwa hivyo ili isukume hewa ya kutosha lazima ikimbie sana. Ikikimbia inalia, na ikilia kwa miaka miwili bila kupumzika, mhimili wake unakwisha. Feni kubwa hupitisha hewa ileile kwa mizunguko michache, kimyakimya. Kila mtengenezaji alilijua hilo. Lakini feni ndogo ni rahisi, inakaa kwenye nafasi moja ya kadi, na mnunuzi akiwa dukani hasikii kelele. Anaisikia akifika nyumbani.

Mwaka 2003 kelele ikawa kichekesho cha dunia nzima. Nvidia ilitoa GeForce FX 5800 Ultra, kadi iliyosukumwa hadi megahezi 500, na ili isiungue ikavalishwa kipoza kikubwa kilichokula nafasi mbili, kikinyonya hewa kutoka nyuma ya kompyuta na kuitema hukohuko. Watu waliibandika jina la mashine ya mkono ya kufyonza vumbi. Kilichouma zaidi ni kwamba mpinzani wake, Radeon 9700 Pro ya ATI, alikuwa ametoka miezi kadhaa kabla, alikuwa anashindana nayo vizuri, na alivaa feni ndogo ya kawaida tu. Mgala muue na haki umpe: wafanyakazi wa Nvidia wenyewe walitengeneza video ya kujicheka, wakiitumia kadi yao kukaushia nywele na kupeperushia majani. Baada ya miezi michache ikaja FX 5900, na ile ya kelele ikazikwa.

Lakini mnunuzi alikuwa ameshajifunza kitu. Kama kampuni kubwa namna ile inaweza kukuuzia kelele kwa bei ya kadi ya juu kabisa, basi kipoza ni jambo unaloweza kulitilia shaka. Na ukishatilia shaka, unachukua bisibisi.

Biashara nzima ikazaliwa hapo. Korea Kusini kulikuwa na Zalman, waliouza kipoza kisicho na feni kabisa: bamba la alumini upande huu wa kadi, bamba lingine upande ule, na katikati bomba la joto la kuyaunganisha. Bomba hilo lina hadithi yake. George Grover alilitengeneza mwaka 1963 katika maabara ya Los Alamos, Marekani, na wahandisi wa vyombo vya anga wakalikimbilia. Ni mrija uliozibwa pande zote mbili, ndani mna kimiminika kidogo. Upande wenye moto kinageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unarudi kuwa kimiminika, kisha kinanyonywa na kuta za ndani kurudi kilikotoka. Halina pampu wala umeme. Teknolojia ya anga za juu ikaishia chini ya meza ya kijana anayetaka kucheza gemu bila kumwamsha mamake.

Uswisi kulikuwa na Arctic Cooling, iliyoanzishwa mwaka 2001. Kipoza chao cha VGA Silencer, cha mwaka 2003, kilichukua wazo la kutoa hewa moto nje ya kasha na kulifanya kwa feni ya taratibu. Kilifanya kazi vizuri kiasi kwamba HIS, kampuni ya Hong Kong inayouza kadi, ikaanza kuuza Radeon zikiwa zimeshavishwa kipoza cha Arctic. Yaani dawa ya mtaani ikaingia hospitalini.

Usidhani ilikuwa kazi ya mchezo. Kununua kipoza cha pembeni ilikuwa kama kushona suti kwa mtu usiyemwona. Kwanza ulipima matundu ya skrubu yanayoizunguka chipu: kadi nyingi kubwa za Nvidia zilikuja kutumia milimita 58.4 kutoka tundu hadi tundu, nyingi za AMD milimita 53.2, na ukikosea hapo umebaki na pambo la mezani. Pili, ulihesabu nafasi, maana kipoza kizuri kilikula nafasi mbili au tatu na kinaweza kugonga ukuta wa kasha. Tatu, na hapa ndipo wengi waliteleza, uliuliza nani atapoza wengine. Kwenye kadi chipu kubwa haiko peke yake. Kuna chipu za kumbukumbu, na kuna transista zinazobadilisha umeme kabla haujaifikia chipu, nazo hupata moto kweli. Ukiondoa kipoza cha kiwandani unavua wote nguo, kisha unavika mmoja tu.

Kwa hivyo pakiti ilikuja na vipande vidogo vya alumini vya kubandika kimoja kimoja. Vingine vilibandikwa kwa gundi ya joto ya mirija miwili, na gundi ile ikishakauka hakuna kurudi nyuma. Waranti umeizika. Kisha ulifuta pesti ya zamani kwa spiriti, ukaweka mpya kidogo tu. Pesti si ya kupoza. Kazi yake ni kufukuza hewa katika mikwaruzo isiyoonekana kati ya chipu na chuma, kwa sababu hewa iliyotulia hupitisha joto vibaya sana. Mwisho ulikaza skrubu kwa mshazari, hii kidogo, ile ya ng'ambo kidogo. Chipu nyingi za kadi zimekaa uchi, hazina kifuniko cha chuma, na ukikaza upande mmoja kwa pupa kona inameguka. Hapo hata maombi hayasaidii.

Watu walijua hatari hizo na bado walifungua, na tena mwaka 2013 wakapewa sababu mpya. AMD ilitoa Radeon R9 290X mwezi Oktoba, kadi yenye nguvu na bei ya kuvutia, lakini kipoza chake cha kiwandani kililia na kadi ilipanda hadi nyuzi 95. AMD ilisema imepangwa iwe hivyo. Haikupita muda NZXT wakaleta Kraken G10, fremu ya chuma inayokuwezesha kufunga juu ya kadi kipoza cha maji kilichotengenezewa prosesa, pamoja na feni ndogo ya kupulizia zile transista. Mwaka 2015 AMD wenyewe wakauza Radeon R9 Fury X ikiwa na kipoza cha maji kutoka kiwandani.

Ukiangalia hivyo, biashara ya vipoza vya pembeni iliuawa na ushindi wake. Kila walichobuni, viwanda vilikichukua: mabomba ya joto, feni mbili, feni tatu, hata feni zinazosimama kabisa kadi ikiwa haina kazi, jambo lililosambaa kuanzia mwaka 2014. Wakati huohuo kadi ziliongezeka njaa. RTX 4090 ya mwaka 2022 imewekewa wati 450, RTX 5090 ya mwaka 2025 wati 575. Kipoza cha kutoa joto la namna hiyo ni kizito kuliko kadi yenyewe, na kila mtengenezaji anakata ubao wake kivyake. Hakuna tena suti ya kuwatosha wengi.

Lakini mkono haukusahau bisibisi. RTX 3090 ilipotoka mwaka 2020, nusu ya chipu zake 24 za kumbukumbu zilikaa mgongoni, na waliozitumia kuchimba sarafu za kidijitali waliona kumbukumbu ikigonga nyuzi 110. Wakafungua, wakabadilisha pedi za joto, nyuzi zikashuka. Wengine hung'oa ganda la plastiki na feni za kiwandani, wakaacha mapezi, wakafunga feni pana juu kwa kamba za plastiki.

Kuhusu waranti, stika za kukutisha usifungue zimechunguzwa pia. Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliziandikia barua kampuni sita ikizionya kuhusu masharti ya namna hiyo, na mwaka 2024 ikaziandikia ASRock, Gigabyte na Zotac kuhusu stika hasa. Hoja yake ni rahisi: ukinunua kitu, kukifungua peke yake si kosa. Sisi wa mtumba hatuna waranti ya kupoteza, kwa hivyo hoja ile tumeiishi bila kuandikiwa barua.

Yule mzee wa Luthuli alifanya hivyohivyo. Aling'oa ganda, akapiga mapezi brashi mpaka likatoka blanketi zima la vumbi, akafuta pesti iliyokauka kama udongo, akaweka mpya. Pedi hakuzigusa, zilikuwa bado laini. Feni akaziunganisha kwenye madabodi. Nikamwuliza kwa nini zile kubwa.

"Hapa Nairobi tuko juu," akasema. "Hewa nyepesi. Feni ndogo inapiga kelele na haibebi kitu."

Nilienda kuangalia baadaye. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kwa urefu huo hewa huwa nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, kwa hivyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu. Kadi yangu haikuwahi kuambiwa hivyo kiwandani.

Video iliisha saa kumi na moja jioni, kadi ikiwa nyuzi 71. Mteja alinilipa, akakata kidogo kwa kuchelewa, na sikubishana. Kadi haipendezi: kamba nne nyeusi, feni mbili za rangi tofauti, moja imeandikwa jina la kampuni nisiyoijua. Dadangu aliiona akauliza kama ni ya kutupwa. Nilimwambia asikilize kwanza. Akainamisha kichwa karibu na kasha, akangoja.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo maana yake," nikamwambia.