Usalama kazini katika michezo (Arusha)

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, iliyofuta sheria ya viwanda ya enzi za ukoloni na inayotumika Tanzania Bara, haikuandikwa kwa ajili ya michezo. Hata hivyo, uwanja siku ya mechi ni mahali pa kazi: wapo mlinzi wa geti, mkata tiketi, fundi umeme, mama lishe na mhudumu wa gari la wagonjwa. Aidha, sheria inawalinda pia wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zitokanazo na kazi ya wengine. Kwa mlango huo mtazamaji aliyeketi jukwaani naye anaingia. Ukaguzi ni jukumu la wakala wa serikali, OSHA.

Uwanja mkongwe wa Arusha, Sheikh Amri Abeid, una jina la aliyekuwa waziri wa sheria na mtunzi wa Sheria za Kutunga Mashairi (1954). Mpya, wa watu 30,000, ulianza kujengwa kwa ajili ya AFCON 2027. Hapo sheria ilianza na vibarua wa ujenzi, kofia ngumu na mikanda ya kupandia juu, miaka kabla ya mpira kuchezwa.

Nje ya viwanja, Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, ni mgumu zaidi kisheria. Mpagazi yuko kazini, askari wa hifadhi mwenye bunduki yuko kazini, mpandaji yuko matembezini, na baridi ni ile ile kwa wote. Akiumia mwajiriwa, fidia hufuata sheria ya mwaka 2008.