Zawadi ya Mkono wa Mtoto

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Katika jamii zetu za pwani, waliotimiza methali hii kwa vitendo, pengine kuliko wote, ni watoto. Mtoto hakuwa na fedha. Alikuwa na mikono, na mnazi ulikuwa uani na mkindu bondeni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba zawadi aliyoitengeneza mtoto haikuwa mchezo, bali ilikuwa mlango wa kuingilia katika kazi na heshima ya watu wazima.

Tuanze na ususi. Makuti machanga ya mkindu, yaani ukindu, hukatwa kabla hayajachanua, yakaanikwa juani, yakachanwa membamba, na mengine yakachemshwa katika rangi. Kabla ya kusukwa hutiwa maji kidogo ili yasikatike. Mtoto hakuanzia mkeka, kwa maana mkeka ni ukili mrefu ulioshonwa ubavu kwa ubavu, nayo ni kazi ya majuma mengi. Alianza na upepeo wa kupepea moto, kisha kawa la kufunikia chakula, kisha kikapu. Wengine walichukua kifuu cha nazi, wakakisugua kwa majani ya msasa, mti ambao jina lake tumeipa karatasi ya kusugulia mbao inayouzwa madukani. Kisha walitoboa matundu mawili, wakapitisha mpini, ikawa kata ya kuchotea maji mtungini.

Upepeo wangu wa kwanza nilimpa bibi yangu nikiwa na umri wa miaka minane. Ulikuwa umepinda upande. Bibi hakuusifu, wala hakuutundika ukutani. Alichutama mbele ya jiko, akaupepea hata makaa yakashika, ndipo akaniambia kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, ukingo umelegea. Wa pili utaukaza." Siku ile nilinuna. Lakini miezi kadhaa baadaye, upepeo ule ulipochakaa kwa moshi na moto, aliniita akanidai mwingine. Hapo nilifahamu kwamba shukrani yake ilikuwa ni kule kuutumia.

Wakoloni walipoleta shule, elimu ilitenganishwa na jiko, shamba na ua. Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere aliilaumu elimu hiyo tuliyoirithi kwa kumtenga mwanafunzi na jamii yake, akataka shule ziwe pia mahali pa kazi. Fikra hiyo ilikuwa njema, ila utekelezaji wake haukulingana kila mahali. Katika shule niliyosoma, kazi za mikono zilifanywa kwa ajili ya maonyesho. Kawa nililolisuka huko lilipata alama nyingi, likatundikwa ofisini, likaliwa na wadudu bila ya kufunika hata sahani moja ya wali. Sikumbuki kama kuna aliyenieleza kasoro zake.

Wakati huohuo vyombo vya plastiki vilienea, na kata, kawa na kikapu vikaanza kuonekana kuwa ni vitu vya wageni kununua kwa ukumbusho. Kisha, tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar ilikwisha kutangulia. Kikapu kikatakiwa tena sokoni. Lakini mtaani kwangu, aliyejua kukisuka alikuwa bibi mmoja tu, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia, na wajukuu zake hawakuwa wamejifunza. Hasara ya namna hii haizibwi kwa fedha, kwani ujuzi wa mkono hurithiwa kwa mkono.

Kwa hiyo, walimu wenzangu katika malezi, mwanafunzi anapotengeneza zawadi tumwulize kwanza: nani atakayeitumia, na kwa kazi gani? Akiisha kuitoa, tuitumie kweli, na kasoro yake tumweleze kwa upole. Samaki mkunje angali mbichi. Na ukindu nao hukunjwa ungali na maji. Ukisubiri ukauke, huvunjika mikononi mwako.