Historia ya Bawasiri na Wakati wa Kwenda Hospitali

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa ambao wengi huuonea haya: bawasiri. Hii ni mishipa ya damu iliyovimba ndani ya njia ya haja kubwa au kando yake.

Mwaka wa 1946 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifika Uganda. Alifanya kazi Lira, kisha Mulago huko Kampala, na akakaa Uganda hadi 1966. Aliona kwamba watu wa vijijini waliofika kwake na bawasiri walikuwa wachache, ilhali Uingereza ugonjwa huo ulikuwa wa kawaida. Akaziandikia hospitali za misheni katika nchi nyingi za Afrika kuuliza wao wanaona nini. Mwaka wa 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya uzito wa choo. Usicheke! Mwanakijiji wa Uganda alitoa kwa wastani zaidi ya gramu 400 kwa siku. Baharia wa Uingereza alitoa karibu gramu 100. Burkitt akasema tofauti iko katika nyuzinyuzi za chakula.

Chakula hicho tunakijua hapa Kibugu: githeri, viazi vitamu, nduma, mboga za kienyeji, uji wa mtama. Siku hizi tumezoea mkate mweupe, chapati na chipsi. Choo kikiwa kigumu, mtu hujikamua na mishipa huvimba. Mimba nayo huongeza shinikizo, ndiyo maana akina mama wengi huanza kuugua wakiwa wajawazito au baada ya kujifungua.

Lakini hesabu za hospitali zina pengo. Aliyefika huhesabiwa, aliyenyamaza nyumbani hahesabiwi. Hata leo huja mama aliyetokwa na damu kwa miezi, macho yamekuwa meupe, naye husema, "Sister, niliona aibu." Cucu zetu walituachia chakula kizuri. Tukirudie. Aibu tuiache.

Ukihisi mwasho au maumivu kidogo, kunywa maji ya kutosha, ule mboga na matunda, na ukalie maji ya uvuguvugu kwenye beseni dakika 10 hadi 15. Usikae chooni ukijikamua, wala usipake dawa za kuchoma. Usipopata nafuu kwa wiki moja, nenda kituo cha afya. Ukiona damu, hata kidogo, kaonyeshe.

Usingoje hiyo wiki, nenda siku hiyo hiyo, ikiwa:
- damu inatoka nyingi au ina mabonge;
- choo ni cheusi kama lami;
- unasikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio;
- uvimbe umetoka, unauma sana na haurudi ndani;
- una homa au usaha.

Mama mjamzito, vidonge vya kuongeza damu vinaweza kufanya choo kiwe cheusi na kigumu. Usiviache, mweleze muuguzi. Na mtoto akihara damu, hiyo si bawasiri. Mkimbize hospitali.

Bawasiri si saratani, lakini saratani ya utumbo nayo hutoa damu. Ukikonda bila sababu, au choo chako kikibadilika kwa wiki kadhaa, usijiambie ni bawasiri tu. Huwezi kujua bila kupimwa, na muuguzi hatakucheka. Kazi yake ni hiyo.